Mifumo Ilipoanza Kusomana

Nilipoanza kuandika programu katika kampuni moja ya Dar es Salaam, mifumo yetu haikusomana. Mauzo walikuwa na wao, uhasibu na wao, bohari na wao. Tulijaza pengo kwa vijiprogramu vya usiku: kimoja kinachomoa mauzo ya siku kwenye hifadhidata, kinayaandika kwenye faili la CSV na kulituma kwa FTP, alfajiri kingine kinalisoma. Mtu wa mauzo akibadilisha jina la safu moja tu, uhasibu wanaamka hawana kitu. Na viungo huongezeka haraka kuliko mifumo yenyewe. Mifumo 5 ikiunganishwa yote kwa yote, viungo ni 10. Ikifika 10, viungo ni 45.

Kilichonifungua macho ni kitabu cha Gregor Hohpe na Bobby Woolf, Enterprise Integration Patterns, kilichotoka 2003. Nilikisoma nikitafuta msimbo wa kunakili, nikakuta namna ya kuutazama ujumbe wenyewe: nani aupokee, ugawanywe wapi, ukishindikana uwekwe foleni gani. Anayetuma hana haja ya kumjua anayepokea, wala kujua kama yuko hewani saa hiyo. Kwangu hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko programu yoyote niliyofunga baadaye.

Ndipo tukaweka Mule, basi la huduma lenye msimbo huria. Mauzo walituma XML yao, basi likaigeuza iwe umbo ambalo uhasibu wanalielewa, kisha likaipeleka. Tulipoanza kupokea malipo kwa simu, tuliongeza kiunganishi kimoja, mfumo wa uhasibu haukuguswa.

Urahisi huo ulizaa tabia mbaya. Punguzo la bei, kikomo cha mkopo, kila kanuni ya biashara iliyokosa kwao ilihamishiwa ndani ya basi, na kila badiliko likasubiri timu moja. Mwaka 2014 James Lewis na Martin Fowler, wakieleza huduma ndogondogo, waliandika kwamba akili ikae kwenye huduma, mabomba yabaki mabomba tu. Kwa kampuni yetu walisema kweli tupu. Kafka, iliyozaliwa LinkedIn na kufunguliwa kwa umma 2011, ilitupa bomba la namna hiyo: ujumbe ukisomwa haufutwi papo hapo, mpokeaji mpya anaweza kurudi nyuma akausoma.

Hata hivyo sikubali kwamba basi limepitwa na wakati. Mamlaka ya Serikali Mtandao ilijenga basi la aina hiyo, GovESB, ili taasisi za umma zibadilishane taarifa, na nadhani ilichagua vyema. Taasisi nyingi zisizo na bosi mmoja wa TEHAMA zinahitaji mahali pa pamoja pa kukaguana na kuaminiana.

Vijana ninaowafundisha sasa hutaka kuanza na Camel, zana huria ya kuunganisha mifumo, au Kafka siku ya kwanza. Siwaruhusu mpaka wanieleze mfumo wao utafanya nini ujumbe wa malipo yaleyale ukifika mara mbili.