Baba Anaomba Ile ya Embe

Baba yangu siku hizi anasimulia kwa mafungu. Akianza kisa cha usiku fulani ziwani, anafika katikati ya sentensi, ananyamaza, anashika magoti kwa mikono miwili, mabega yanapanda na kushuka, kisha anaendelea palepale alipoachia. Wajukuu wameshazoea. Mgeni anaweza kudhani mzee anaweka vituo kwa makusudi, kama mtambaji mzuri wa hadithi, na kwa kweli kuna mahali vinakaa vizuri kabisa. Mimi ninayeishi kwa kupanga sentensi za watu naziona koma zake na najua kila moja imemgharimu nini.

Nyumbani ni Kasingirima, Ujiji. Baba alivua dagaa zaidi ya miaka thelathini, enzi za karabai, kabla taa za sola hazijaingia. Kwa asiyeijua kazi ile: unatoka jioni, unawasha taa katikati ya maji meusi, halafu unasubiri. Dagaa wanaufuata mwanga, lakini wanakuja kwa wakati wao. Kusubiri huko ndiko kulikomfundisha kuvuta. Upepo wa Tanganyika usiku unaingia hadi kwenye meno, na kusinzia ndani ya mtumbwi ni kutafuta kifo. Sigara ilikuwa saa yake, moto wake, na kazi ya mikono isiyo na kazi. Wiki ya mbalamwezi, mwezi unapoangaza ziwa zima na taa ya mvuvi haina maana tena, alishinda nyumbani, na huko alivuta zaidi.

Mimi ndiye niliyetumwa dukani. "Kachukue mbili." Unarudi na sigara mbili za rejareja, moja umeishika vidoleni kama kalamu. Sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku, ile ya 2003 iliyokataza kumuuzia mtoto wa chini ya miaka 18, ilinikuta nimeshafika sekondari. Sidhani kama mwenye duka letu aliwahi kuisikia.

Mwaka juzi kikohozi cha baba kilibadilika. Alikuwa na kikohozi cha asubuhi tangu nipate akili. Sisi watoto tulikifanya kengele ya kuamkia. Sasa kikawa cha kutwa nzima, na kutoka kitandani hadi msalani akapumzika mara mbili. Tukampeleka hospitali. Daktari, kijana mpole, alimpa mrija akamwambia apulize pumzi yote kwa nguvu, "kama unazima moto, mzee." Baba akapuliza. Mashine ikachora mstari ulioanza kupanda ukachoka.

Kile kikohozi cha asubuhi, alitueleza, hakikuwa cha bure. Njia za hewa zimetandikwa vinywele vidogo sana ambavyo kazi yake ni kufagia: vinasukuma makohozi na vumbi kwenda juu. Moshi wa sigara unavilewesha. Usiku mvutaji akilala, vinazinduka kidogo na kuanza kufagia, na asubuhi anakohoa uchafu wa jana. Wengi wakisikia hivyo wanawasha moja ili "kufungua kifua," na kifua kinatulia kweli, kwa sababu wafagiaji wamelala tena. Baba aliposikia hilo alicheka hadi akakosa hewa. Miaka yote hiyo alikuwa anatuambia kwamba sigara ya asubuhi ni dawa.

Mbele zaidi, mwisho wa njia hizo, kuna vifuko vya hewa, mamia ya mamilioni, vyenye kuta nyembamba ajabu. Hapo ndipo damu inapochukua hewa. Moshi wa miaka unakula kuta hizo: vifuko viwili vinakuwa kimoja, vinne vinakuwa kimoja, na pafu linapoteza ule mnyumbuko wa kurudi lenyewe baada ya kuvuta. Ndiyo maana shida ya baba si kuingiza hewa, ni kuitoa. Kifua chake kimejaa pumzi ya jana. Na kuta zile zikishaliwa hazioti tena. Ukiacha sigara unazuia zilizobaki, basi. Ingawa hilo "basi" si dogo: mtu aliyeacha, baada ya miaka kumi hivi, hatari yake ya saratani ya mapafu inakuwa karibu nusu ya yule anayeendelea.

Tukiwa tunataka kutoka, mama akakohoa. Daktari akamtazama, akamwambia na yeye akae apulize. Mama hajawahi kuweka sigara mdomoni. Lakini amepika kwa kuni maisha yake yote, na kwa miaka mingi alikausha migebuka kwa moshi ili aiuze, uso wake ukiwa juu ya chanja kuanzia alfajiri. Mstari wake haukuwa mzuri sana kuliko wa baba. Daktari akaeleza kwamba pafu halijui kama moshi umetoka kwenye karatasi au kwenye gogo.

Mama akatulia kidogo. "Kwa hiyo na mimi nilikuwa navuta?"

Hakuna aliyemjibu. Hilo swali limenikaa kuliko ripoti yoyote niliyowahi kuisoma kazini.

Sasa nije kwangu, maana hadi hapa nimejiweka kama mtoto mwema anayesindikiza wazazi hospitali. Mfukoni siku ile nilikuwa na vepu. Ladha ya embe. Nilianza Dar es Salaam na shisha, kama wengi wa rika langu. Mwaka 2016 serikali ilipoipiga marufuku, niliandika habari yake mchana, na jioni nikaenda mahali nilipojua bado wanayo. Baadaye rafiki aliyetoka safari akaniletea kile kidude. Hakinuki, hakiachi majivu, chumba cha habari hakuna anayegeuka. Nilijiambia ni mvuke tu.

Si mvuke. Ni majimaji, propilini glaikoli na gliserini, yaliyotiwa nikotini na manukato, yakachemshwa na waya mdogo hadi yakawa ukungu. Ndani ya ukungu huo wamekuta pia chembe za metali na kemikali zinazozaliwa majimaji yakiungua. Ni kweli hakuna lami, hakuna monoksidi ya kaboni ya kitu kinachowaka, na anayesema vepu na sigara ni sawasawa anatia chumvi. Mwaka 2019 Wamarekani walianza kulazwa na mapafu yaliyoungua; kufikia Februari 2020 walishahesabiwa wagonjwa 2,807 na vifo 68. Nilipoisoma habari hiyo nilitetemeka, kisha nikasoma zaidi nikapata ninachokitaka: wengi wao walivuta mafuta ya bangi yaliyochanganywa na asetati ya vitamini E. Si mimi huyo, nikasema, nikavuta. Ndivyo mwandishi wa habari anavyosoma akiwa na kidude mfukoni.

Jambo ambalo sikulitafutia utetezi ni la mpwa wangu. Ana miaka 16. Alinikuta nyuma ya choo, mtu mzima nimejibanza ukutani kama mwizi wa kuku. Nilidhani atashtuka. Akanusa, akauliza, "Mjomba, hiyo ya tunda gani?" Kumbe wenzake wanazo, wanachangiana. Nikamuuliza kama anavuta sigara, akakunja uso kwa karaha ya kweli. Sigara ni ya wazee, inanuka, ona babu alivyo. Mgonjwa aliyekaa barazani kama onyo amemtosha kabisa, lakini onyo lenyewe linahusu kitu kingine. Ladha ya embe haijamwonya mtu. Na nikotini ni ileile, ikiingia kwenye ubongo ambao bado unajengwa.

Uganda ilivipiga marufuku vifaa hivi katika sheria yake ya 2015. Sheria yetu ya 2003 iliandikwa mwaka uleule ambao mfamasia wa China, Hon Lik, alikuwa akikiunda kile ambacho ulimwengu ulikuja kukiita sigara ya kielektroniki. Baba yake Hon Lik alikuwa mvutaji, akafa kwa saratani ya mapafu. Mwana alitaka njia ya kutoka. Amewahi kuwaambia waandishi kwamba yeye mwenyewe hakuacha sigara kabisa. Mtu huyo simjui, lakini nikifikiria habari zake najisikia nimekaa naye baraza moja.

Na wala si jipya sana hapa kwetu. Richard Burton alifika Ujiji Februari 1858, na katika kitabu alichokitoa 1860, akiwa na dharau yake ya kawaida, anaeleza watu wa mwambao huu wakiloweka tumbaku kwenye maji, wakimimina maji hayo puani, kisha wakiibana pua kwa kibano yasitoke. Nikotini bila moshi, Ujiji, zaidi ya miaka 160 iliyopita. Nawaza mazungumzo yao ya jioni, wote wanaongea kipua. Angalau kibano kilionekana. Baba akivuta, mama alijua kabla hajavuka kizingiti, shati lilimsemea. Ukungu wangu hauna wa kuusemea.

Ilikuwa Julai mwaka huu, wiki ya mbalamwezi, tumekaa barazani wawili. Baba alikuwa ameshuka hadi sigara mbili kwa siku, na mbili hizo zimeshindikana. Ameahidi, amelia, amemtuma mjukuu, amemkana mjukuu. Akasema, bila kunitazama, "Nipe hiyo yako."

"Ipi, baba?"

"Hiyo ya embe. Mtoto ameniambia."

Nikaanza kumweleza. Kwamba mapafu yake hayana nafasi ya kujaribiwa. Kwamba hatujui miaka thelathini ya kitu hiki inafanyaje, kwa sababu miaka thelathini yenyewe haijafika. Akasubiri nimalize, anajua kusubiri. Kisha akauliza swali ambalo wataalamu wenyewe wanavutana nalo. "Na hizi mbili ninazovuta, ni afadhali?"

Hapo sikuwa na pa kushika. Mwaka 2023 Uingereza ilitangaza kuwagawia vepu wavutaji milioni moja ili waache sigara, na zipo tafiti nzuri zinazoonyesha kwamba zinasaidia wengi kuacha kuliko viraka vya nikotini. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi zichukue hatua za haraka kuwalinda watoto dhidi ya kitu hichohicho. Wote wawili wanasema kweli, na kweli zao zote mbili zimelala nyumba moja Kasingirima, babu chumba cha mbele, mjukuu cha nyuma.

"Wewe ulikuwa unavuta sigara ukaacha kwa hiyo?" akauliza.

"Hapana."

"Sasa ulianza kwa nini?"

Nikampa. Aliishika kwa vidole vilevile vya sigara, akaigeuza kutafuta pa kuwashia. Nikamwonyesha. Akavuta mara moja, kwa mazoea ya mvuvi, kwa ndani kabisa, na kikohozi kilichomtoka kilimwinamisha hadi paji likakaribia magoti. Nikamshika mgongo. Chini ya kiganja changu mbavu zilikuwa zinafanya kazi kama mtu anayepiga kasia dhidi ya upepo. Ukungu ulitanda barazani, ukakaa hapo kidogo kwenye mwanga wa mwezi, mweupe na mtamu.

Mama akaita kutoka jikoni, "Nani kapata embe mwezi wa saba?"

Baba alinitazama. Pumzi ya kumjibu hakuwa nayo.