Gari Litetemekapo, Dereva Asihukumiwe Kwanza

Katika nchi zetu gari livutalo kwa magurudumu yote manne ni mtumishi wa watu wengi. Ndilo lipelekalo askari doria, mgonjwa hospitalini na karatasi za mitihani shuleni. Likipatwa na ugonjwa, twawa wepesi wa kumtafuta mkosaji kabla ya kuutafuta ugonjwa wenyewe. Nataka kueleza jinsi ugonjwa mmoja, ule wa gari kutetemeka baada ya kubadilishwa giaboksi ndogo, ulivyokaribia kumpokonya mzee mmoja mshahara wake, na jinsi ukweli ulivyopatikana kwa spana na chaki.

Gari lenyewe ni Land Rover Defender 110 la ofisi yetu. Giaboksi ndogo, ambayo mafundi huiita transifa, ndiyo ipokeayo nguvu kutoka giaboksi kubwa na kuigawa mbele na nyuma. Ya kwetu ilikuwa imekwisha meno, ikafungwa nyingine iliyotolewa katika Land Rover Discovery. Zote mbili ni za aina ya LT230, ila hesabu zao zatofautiana: ya zamani ilikuwa 1.41 kwa 1, na hii mpya 1.22 kwa 1.

Gari lilirudi kutoka karakana likitetemeka. Baada ya siku chache ikaandikwa barua kwamba dereva amelipitisha shimoni na kuipinda propela shafti, ule mhimili uzungukao chini ya gari. Kwa hiyo gharama ikatwe katika mshahara wake. Mzee huyu alitumikia jeshi kabla ya kuajiriwa nasi, na ana watoto watatu shuleni. Barua ilipofika mezani kwangu kutiwa sahihi, niliiweka kando nikamwita.

"Mzee, laanza kutetemeka kwa mwendo gani?"

"Mwalimu," alijibu, kwani ndivyo aniitavyo tangu ajue kuwa nilisomea ualimu, "likifika sitini laanza kuvuma. Sabini, sakafu yatekenya nyayo. Lakini usukani umetulia kabisa."

Maneno hayo yalikuwa na ushahidi mwingi kuliko barua. Nikamwomba fundi wa ofisi tufanye uchunguzi kwa utaratibu, jambo moja baada ya jingine.

Kwanza tuliosha gari, hasa ndani ya rimu, maana tope lililokauka upande mmoja hutosha kuliyumbisha gurudumu. Mtetemo ukabaki. Kisha, katika barabara ya Mbarara kwenda Ntungamo, mzee aliendesha kilomita 70 kwa saa kwa gia ya tano, halafu kwa mwendo ule ule akarudisha gia ya nne. Injini ilizunguka kwa kasi zaidi, lakini mtetemo haukubadilika hata kidogo. Hapo tulijua kwamba injini na klachi hazimo. Mtetemo ufuatao mwendo wa gari hutoka kwenye magurudumu au propela shafti.

Yafaa ieleweke pia kwamba kubadili hesabu ya transifa hubadili mzunguko wa injini, wala si wa propela shafti kwa mwendo ule ule. Kwa difu ya 3.54 na matairi ya 7.50-16, gari liendapo kilomita 80 kwa saa gurudumu huzunguka mara 9 hivi kwa sekunde, na propela shafti mara 32 hivi. Ndiyo sababu gurudumu bovu hutikisa polepole na mara nyingi husikika katika usukani, ilhali shafti huvuma kwa haraka katika sakafu na viti.

Kabla ya kuingia chini ya gari tuliweka vigogo mbele na nyuma ya magurudumu. Ndugu zangu, jambo hili lisisahaulike kamwe: breki ya mkono ya Defender hushika transifa inapotokea propela shafti ya nyuma, haishiki magurudumu. Shafti hiyo ikifunguliwa, breki ya mkono haina kazi, na gari laweza kumponda fundi.

Tulitia alama za chaki, tukaondoa shafti ya mbele, tukafunga difu ya katikati ili gari liweze kwenda, tukalijaribu. Mtetemo ulikuwa ule ule. Tukarudisha ya mbele, tukaondoa ya nyuma. Gari likaenda kimya.

Shafti ya nyuma tuliizungusha juu ya vitegemeo: haikupinda. Krosi zake hazikuwa na mchezo. Ila panda mbili zishikazo krosi, moja kila mwisho, hazikuelekeana. Shafti hii ina vipande viwili viingianavyo kwa meno ya kuteleza. Ilipotolewa ili transifa ibadilishwe, vilichomolewa, kisha vikarudishwa mahali pasipo pake.

Sababu yake ni hii. Krosi ifanyapo kazi ikiwa imepinda pembe, hutoa mzunguko usio sawa: katika kila mzunguko mmoja huongeza kasi mara mbili na kupunguza mara mbili. Krosi ya pili huondoa dosari hiyo, mradi panda zao zielekeane na pembe zao zilingane. Zikikosana, dosari haiondoki, bali huzidi. Kwa hiyo pia, raba zibebazo transifa zikichoka, pembe hubadilika na mtetemo waweza kuzuka. Ila tahadhari: shafti ya mbele ya baadhi ya Land Rover hupangwa kiwandani kwa makusudi bila panda kuelekeana, basi alama zake zifuatwe kama zilivyo.

Tulizilinganisha panda, tukafunga nati upya, tukalipeleka gari hadi kilomita 90. Sakafu ilitulia. Shafti iliyopinda haiponi kwa kugeuzwa meno. Basi shutuma ya shimo ikaanguka yenyewe. Niliandika taarifa ya kila jaribio na matokeo yake, na barua ya makato ikafutwa.

Nawasihi maafande wasimamiao magari, na kina mama na kina baba wategemeao mishahara ya madereva: mtetemo usipuuzwe, kwani hula beringi na sili, na shafti ikikatika njiani huweza kuleta maafa. Lakini kabla ya kukata mshahara wa mtu, aulizwe kwanza yeye akaaye kitini kila siku amesikia nini, na gari lichunguzwe hatua kwa hatua. Uchunguzi wetu ulichukua siku moja tu. Makato yale yangeliondoa karo ya watoto watatu.