Siku Mbili za Machi

Baba alikuwa na redio moja, na Machi 1974 betri zake zilikuwa zimechoka. Kila mvua ilipokatika, mama alizianika mchangani kando ya chisense, dagaa wetu wa Ziwa Mweru, nami nikazilinda na mbuzi. Sikubanduka. Zambia ilikuwa Misri, mara yake ya kwanza kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika, na ilikuwa imefika fainali.

Mpinzani alikuwa Zaire. Kwetu Puta, Zaire ilikuwa ujombani. Mama alizaliwa Pweto, ndiye aliyetufundisha Kiswahili, na Wabwile wako pande zote mbili za mpaka. Tulisema "ng'ambo" tu, kama mtu asemavyo nyumba ya pili. Wiki ile yama, kaka yake mama, alikuwa amekuja na mtumbwi wa mawese, akisubiri samaki wakauke aondoke nao.

Usiku wa tarehe 12 redio ikatuambia: mabao 2 kwa 2 baada ya dakika 120. Kaushi aliifungia Zambia kwanza, Ndaye Mulamba akasawazisha, kisha akaongeza la pili katika muda wa nyongeza. Pumzi za mwisho kabisa, Sinyangwe akarudisha. Mechi ingerudiwa baada ya siku mbili.

Siku hizo mbili sijazisahau. Baba na yama walikula ugali sahani moja, mmoja akiuita ubwali, mwingine bukari, kama siku zote, ila utani ulikuwa umekwisha. Mama alipakua bila kumtazama yeyote. Huko uwanjani, ambako tulizoea kugawana timu kwa nyumba za juu na za chini ya barabara, mtoto mmoja mkubwa akashika mpira wetu wa matambara, akasema: "Wazaire wasimame kule." Wenzangu wakaenda huku na huku. Mimi nikabaki katikati, sijui mguu niupeleke wapi.

Tarehe 14 Zaire ikashinda 2 kwa 0, yote mawili ya Ndaye. Alimaliza na mabao 9, na mpaka leo hakuna aliyefikia hayo katika fainali za mwaka mmoja. Yama hakushangilia. Alinyoosha mkono akaizima redio. "Shemeji," akasema, "tutunze betri." Baba akacheka, mara ya kwanza tangu juzi yake.

Kwa wakubwa yaliishia hapo. Sisi watoto tuliendelea kuitana Zaire na Zambia miaka mingi, na si katika mpira peke yake.

Aprili 1993 ndege ya timu yetu ilipoanguka baharini karibu na Libreville, ikaua watu 30, kocha Godfrey Chitalu akiwamo, mitumbwi ya Pweto ilikuja matangani. Yama alikuja, mzee tayari, akaketi na baba kutwa nzima.

Februari 2012, Libreville hiyo hiyo, katika fainali ya kombe lile lile, Zambia na Kodivaa zilifika kwenye penalti. Banda la televisheni lilijaa hadi nje, wengine wamevaa jezi nyeusi na nyeupe za TP Mazembe ya Lubumbashi. Penalti ya ushindi, 8 kwa 7, aliipiga Stoppila Sunzu, beki wa Mazembe.

Simu yangu ikalia. Alikuwa binamu yangu, mtoto wa yama, yuko Pweto. Hakusalimia.

"Huyo wetu!"

"Wetu!" nikamjibu, na sauti ikanikauka.