Kusi: Kutoka Hesabu ya Miongo hadi Taarifa ya Hali ya Hewa

Kusi ni upepo wa kusini-mashariki unaotawala pwani ya Afrika Mashariki tangu Aprili hadi Septemba, na nguvu zake hufikia kilele wakati wa kipupwe, kati ya Juni na Agosti. Miezi hiyo kizio cha kusini cha dunia kimo katika baridi. Mgandamizo mkubwa wa hewa huimarika karibu na visiwa vya Mascarene, huku bara la Asia likipata joto. Hewa husukumwa kutoka kusini, ikapita pwani hii, ikapinda baada ya kuvuka ikweta na kuelekea India. Kwa mvuvi wa Mafia au Makunduchi, hayo yote maana yake ni moja: nje ya mwamba hakuendeki kwa ngalawa.

Zamani ujio wake ulijulikana kwa hesabu. Mwaka wa mabaharia ulianza siku ya Nairuzi, ukagawanywa kwa miongo, yaani siku kumi kumi, na nahodha alijua ni mwongo wa ngapi kaskazi, upepo wa kaskazini-mashariki, hukatika, tanga mbili, kipindi cha kati ya pepo hizo, huingia, kisha kusi hushika. Hesabu hiyo ilikuwa na ugumu wake. Mwaka wa siku 365 usio na siku ya nyongeza hurudi nyuma siku moja hivi kila miaka minne, ndiyo maana Nairuzi, iliyokuwa ikiangukia Agosti katika karne ya 19, leo huadhimishwa Julai, kama wanavyofanya watu wa Makunduchi kwenye Mwaka Kogwa. Upepo haukuhama pamoja na Nairuzi. Aliyekariri miongo ya babu yake bila kuilinganisha na mawingu na mawimbi ya wakati wake angekosea kwa siku nyingi, na hapo ndipo ubingwa wa wazee wale unapoonekana: ilikuwa elimu ya kupimwa na kurekebishwa kila kizazi.

Safari zilipangwa kwa elimu hiyo. Majahazi ya Ghuba yalishuka na kaskazi na kurudi na kusi ingali changa, kabla bahari haijachafuka kabisa. Alan Villiers, baharia wa Australia, alirudi hivyo mwaka 1939 katika jahazi la Kuwait lililopakia boriti za mikoko kutoka Rufiji. Bahari ilipochafuka, vyombo vya wenyeji vilipandishwa ufukweni, vikakalafatiwa kwa pamba na kupakwa deheni.

Vipimo vya kisasa vilianza kukusanywa kwa utaratibu mmoja baada ya idara ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki ya Kiingereza kuundwa mwaka 1929. Baadaye redio ikazifikisha habari za upepo majumbani. Siku hizi Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa msimu wa kipupwe mapema, kisha taarifa za siku chache zijazo kwa ngazi tatu, angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, zikitaja kasi ya upepo na kimo cha mawimbi. Uzito wa taarifa hizo ulionekana kwa uchungu tarehe 18 Julai 2012, katikati ya kipupwe, meli ya abiria MV Skagit iliyotoka Dar es Salaam ilipopinduka karibu na Chumbe katika upepo mkali na mawimbi makubwa. Miongo isingeweza kumwambia yeyote kwamba siku ile hasa haikufaa. Ilitaja msimu tu.

Taarifa nayo huishia mahali. Hutaja eneo zima, labda Tanga, Unguja na Pemba kwa pamoja, ilhali kila mlango wa mwamba una tabia yake. Maji yakitoka kwa kasi na kukutana na kusi, mawimbi husimama wima mlangoni hata siku isiyo na angalizo lolote, na saa ya kupita hapo bado hujulikana kwa wavuvi wa kijiji husika, wanaohesabu bamvua na maji mafu kwa mwezi.