Mshipi wa Mogogosiek

Chai ya Mogogosiek huja kwetu pwani. Ni nadra sisi kuiendea. Mnada wa chai ulianza Nairobi mwaka 1956, ukahamishiwa Mombasa mwaka 1969, na tangu hapo sehemu kubwa ya chai ya wakulima wadogo wa nyanda za juu hushushwa kwa malori hadi maghala ya mji wetu, ikaonjwa, ikanadiwa, ikapakiwa melini. Sisi tulipanda njia hiyo kinyume. Tulichukua garimoshi la reli mpya, iliyozinduliwa mwaka 2017, hadi Nairobi, kisha barabara ya Narok na Bomet, tukateremka Bonde la Ufa na kulipanda tena, mpaka gari likaingia katika kijani kisicho na mwisho cha Konoin.

Mtu wa pwani akifika huko hushangazwa kwanza na ukimya wa mashamba, kisha na baridi. Mogogosiek iko juu sana kuliko usawa wa bahari, na alfajiri mtu hutawadha kwa maji yanayouma vidole. Michai imekatwa sawasawa kama zulia, ikifuata kila mgongo wa kilima hadi bondeni, na bondeni ndiko kwenye maji. Vijito vya upande huo huingia katika mito kama Itare na Kipsonoi, nayo huungana na mto Sondu, na Sondu huishia Ziwa Victoria. Basi tone linalodondoka katika jani la chai la Konoin halielekei Bahari ya Hindi hata kidogo, linatupa mgongo. Jambo hilo liliwafurahisha sana watoto tuliofuatana nao, waliozoea kwamba maji yote huja kwetu.

Wenyeji wetu ni jamaa wa Kipsigis waliounganishwa nasi kwa ndoa. Nyumba yao ya Kiislamu ni moja kati ya chache pale, na chini ya shamba lao la chai lipo bwawa la samaki. Mabwawa ya namna hiyo yalienea nchini kuanzia mwaka 2009, serikali ilipoanzisha mpango wa kuinua uchumi na kukusudia kuchimba mabwawa 200 katika kila jimbo la uchaguzi kati ya majimbo 140 yaliyochaguliwa, kila bwawa likiwa na mita za mraba 300. Mengi yalikufa. La wenyeji wetu linaishi, lina perege na kambare, ingawa perege wa nchi ya baridi hawakui upesi kama wa nchi ya joto. Wafugaji wa maeneo hayo hapo zamani hawakuwa na mazoea ya kula samaki. Leo bwawa ni kitoweo na ni akiba. Na kwa nyumba ya Waislamu wachache lina faida nyingine ambayo kila mama msomaji ataielewa mara moja: mgeni akija ghafla, samaki haulizwi ni nani aliyemchinja. Sura ya Al-Maida imekwisha kuhalalisha vya majini. (Kuhusu kambare, ambaye hana magamba, sisi tunaofuata madhehebu ya Shafi tunamla, ndugu zetu Ithnaasheri hawamli, na mwenyeji mwema hupika perege wanapokuwapo.)

Wavu wa kukokota ni mali ya kikundi na huzunguka kwa zamu, tena hulivuruga bwawa zima kwa ajili ya samaki sita wa chakula cha usiku. Kwa hiyo wenyeji huvua kwa ufito mfupi wenye rili. Hapo ndipo lilipozuka suala la mshipi, nalo lilituchukua siku mbili za mazungumzo.

Pwani tunaujua mshipi wa mkono: nailoni nene, chubwi, ndoana, na kidole kinachosikiliza. Rili ni jambo jingine. Rili tunayoizungumzia ni ile ambayo bobini yake haizunguki. Mkono wa waya ndio unaoizunguka na kuuviringisha uzi juu yake, na mtu akitupa, uzi hutoka kwa kuchomoka pete baada ya pete kwenye ukingo wa bobini. Msomaji mwenye cherehani nyumbani asione neno bobini limeazimwa kwa mzaha. Alfred Illingworth, aliyesajili rili ya namna hii Uingereza mwaka 1905, alikuwa mwenye viwanda vya nyuzi mjini Bradford, na wazo lake alilitoa katika mashine za nyuzi. Mwaka huohuo, kwa sadfa, mlowezi Ewart Grogan alileta Kenya samaki wa kwanza wa aina ya trauti kutoka Scotland na kuwatia katika mto Gura, milima ya Aberdare. Trauti wa mito ya nyanda za juu wana leseni na masharti yao, nasi hatukuwagusa.

Kwa kuwa uzi hutoka kwa pete, rili hii haipendi uzi mgumu wala mnene. Uzi ulio mgumu hukumbuka umbo la bobini: ukiutupa unatoka kama springi, unagonga pete za ufito, haufiki mbali, na mara nyingine mizunguko kumi hutoka pamoja ikawa fundo la kumliza mtu. Uzi uliopindapinda hufanya hivyohivyo. Ndiyo maana anayenunua nailoni ya pauni 40, ile inayomtosha mvuvi wa changu, akaijaza katika rili ndogo ya kuvulia perege, hapati nguvu yoyote ya ziada. Anapata tabu tu.

Aina zinazouzwa ni tatu. Nailoni ya uzi mmoja ndiyo kongwe na rahisi. Nailoni yenyewe iligunduliwa katika maabara za DuPont, Marekani, mwaka 1935, na kabla yake watu walivulia hariri, pamba, hata singa za farasi. Nailoni hunyumbuka, na kunyumbuka huko ni rehema kwa mvuvi mgeni, kwani samaki akishtuka uzi humlegezea kidogo badala ya kumpasua mdomo. Aibu zake ni kwamba hunywa maji kiasi ikapungua nguvu, na jua huila. Ya pili ni florokaboni. Hiyo haionekani sana majini kwa sababu hupindisha mwanga karibu sawa na maji yenyewe, ni nzito, huzama, hainywi maji. Lakini ni ngumu na ghali, na katika bwawa la rangi ya chai ya maziwa sifa ya kutoonekana ni kama kununua manukato ya kunyunyiza baharini. Ya tatu ni uzi wa kusukwa kwa nyuzi nyembamba mno za plastiki. Huo ndio wenye nguvu za ajabu: msuko wa pauni 10 huwa mwembamba kama nailoni ya pauni 2 au 3. Haunyumbuki, hauna kumbukumbu ya bobini, hutupwa mbali, na kila mguso wa samaki huja mkononi.

Mpwa wetu, kijana anayevua kolekole kwenye miamba ya pwani, alikuwa amekuja na msuko wake wa kijivu, na kwa hoja alitushinda sote. Baridi ya Mogogosiek huikaza nailoni, alisema, asubuhi inatoka kama springi. Msuko haujali baridi. Alisema kweli. Tulijaribu nyuzi zote mbili saa moja asubuhi, umande ukiwa bado juu ya michai, na msuko ulikwenda mbali zaidi na kutua taratibu.

Aliyelikata shauri ni bibi wa nyumba ile, ambaye wote humwita Gogo. Hakuwahi kushika rili. Ni mchuma chai, na michai yake inashuka hadi hatua chache kutoka ukingo wa bwawa, hata mtu hawezi kurudisha ufito nyuma bila ndoana kupita juu ya majani. Alisikiliza habari ya pauni na ya kunyumbuka hadi mwisho, kisha akatunyooshea kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Kilikuwa na kovu jembamba, lililonyooka, likikatiza kifundo cha pili. Mgeni mmoja wa miaka ya nyuma alinaswa mchaini, akavuta, uzi ukakatika, akaacha kipande kikining'inia. Mchuma chai haangalii kila kichipukizi. Vidole hujua njia yake, majani mawili na kichomozo, majani mawili na kichomozo, upesi, maana kikapu hulipwa kwa kilo. Kidole kikaingia katika uzi usioonekana, uliokazwa kati ya matawi mawili, na mkono ulikuwa tayari unavuta. Siku kumi na moja hakuchuma. Katika msimu wa mvua, siku kumi na moja ni karo ya mtoto.

"Uzi mnaoutaka ninyi ni ule asiouona samaki," alisema. "Mimi nautaka ule ninaouona mimi."

Mpwa hakuwa na jibu, na sisi tuliokuwa tumeanza kumuunga mkono tulinyamaza pia. Tunaona hadi leo kwamba katika mazungumzo yote ya siku mbili hilo ndilo lililokuwa neno la maana kuhusu mshipi. Vitabu na wauzaji humpima mvuvi, samaki na maji. Hawampimi mama aliye nyuma ya mvuvi, amejitwika kikapu.

Tukashika nailoni ya manjano, ile inayong'aa hata chini ya mawingu, ya pauni 8. Pauni 6 ingemtosha perege wa robo kilo, lakini kambare wa bwawa lile huwa wakubwa na hukimbilia matope. Hapa pana jambo jingine la dini ambalo baadhi yetu tulilishikilia. Wapo wavuvi wa michezo wanaochagua uzi mwembamba makusudi ili samaki apigane muda mrefu, kisha humrudisha majini. Sisi tulivua ili tule, na hatuoni uhalali wa kukirefusha kifo cha kiumbe kwa burudani. Uzi uwe na nguvu ya kumtoa upesi, wala usiwe dhaifu hata ukatike na kumwachia ndoana mdomoni.

Ugumu wa asubuhi una dawa. Bobini ilitiwa ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu kwa dakika chache, kisha watu wawili wakauvuta uzi polepole kwa urefu wa uwanja, mmoja huku na mmoja kule, mpaka pete zikanyooka. Watoto waliipenda kazi hiyo kuliko uvuvi wenyewe. Kujaza bobini ni kazi ya subira: uzi upite katikati ya kitambaa kibichi kilichobanwa na vidole ili uingie umekazwa, na bobini isijae pomoni, uachwe upana wa milimita mbili au tatu chini ya ukingo. Ikizidi, pete humwagika. Ikipungua mno, uzi husugua ukingo na hautupiki mbali. Fundo lilowanishwe kabla ya kukazwa, kwani nailoni kavu hujiunguza kwa msuguano wake yenyewe.

Breki ya rili ni kama kikaza uzi cha cherehani, na wengi huikaza kupita kiasi. Kanuni ni kwamba ianze kuachia uzi kwenye robo hadi theluthi ya nguvu ya mshipi. Kwa mshipi wa pauni 8 kipimo kiko jikoni: pakiti ya sukari ya kilo moja, ambayo ni pauni mbili na kidogo. Tuliifunga mwishoni mwa uzi, tukainua ufito, na breki ikalegezwa mpaka pakiti ikaanza kushuka taratibu. Mama mkwe wa nyumba alisimama kando akiihofia sukari yake.

Kwa akina mama watakaojaribu, tunaongeza neno la mavazi. Mkono mpana wa buibui na ule mkono wa waya unaozunguka havipatani. Bana mkono kwa pini kifundoni, au vaa mikono ya kubana ndani. Ufito ni mwepesi, na wanawake wa pwani waliotanda uduvi tangu utotoni hawana cha kuogopa ukingoni mwa bwawa.

Jioni ile walipatikana perege saba na kambare mmoja aliyehitaji watu wawili na taulo, kwa kuwa mapezi yake ya kifuani yana miiba. Ndoana ilinasa mchaini mara nne. Kila mara uzi wa manjano ulionekana kutoka mbali, na mtoto akatumwa kuufungua kwa mkono, si kwa kuvuta. Kipande kimoja kilichokatika, kama cha dhiraa moja, kilitafutwa mpaka kikapatikana, maana nailoni haiozi, na ng'ombe wa jirani hunywa maji palepale. Gogo alitoa mkebe mtupu wa majani ya chai kwa ajili ya mabaki hayo, akauweka juu ya dirisha la jiko. Msuko wa kijivu ulirudi Mombasa ndani ya begi la mpwa, unakofaa, kwenye miamba isiyo na mchuma chai.