Vidukari wa Mboga na Dawa ya Mwarobaini

Sisi wa Msimbu, katika wilaya ya Kisarawe, twalima mihogo na kuokota korosho, lakini fedha ya kila juma, ile ya chumvi na ya madaftari ya watoto, hutoka katika matuta ya mboga: mchicha, kunde na sukuma wiki. Dar es Salaam haiko mbali, na walaji wake hawapungui. Basi kidukari akiingia katika tuta, ameingia katika kibindo chetu.

Mdudu huyu ni mdogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti. Hukaa kwa makundi chini ya jani akifyonza utomvu, hata jani likajikunja. La kushangaza ni uzazi wake. Jike huzaa pasipo dume, tena huzaa watoto walio hai, nao baada ya juma moja au siku kumi huanza kuzaa. Ndiyo maana mtu huacha tuta safi leo, akirudi baada ya siku chache hulikuta limejaa. Sisimizi humlinda kwa ajili ya maji matamu yamtokayo. Ukiona msafara wao ukipanda shina la kunde, inama utazame.

Wengi hukimbilia dawa ya dukani, wala hatuwalaumu, maana huua upesi. Lakini mchicha si mkorosho: huchumwa asubuhi, hupikwa jioni. Dawa ya sumu yataka siku za kungoja kabla ya kuchuma, nazo zimeandikwa juu ya chupa. Mnunuzi naye angoja njiani na gari lake, wala haulizi. Hapo ndipo mkulima hupimwa, kwa kuwa mtoto atakayekula mboga ile mjini hatamwona kamwe.

Kwa sababu hiyo sisi twautegemea mwarobaini, mti uliotoka Bara Hindi na kustawi pwani yetu. Mwaka 1959 nzige walipovamia Sudan, mtaalamu wa wadudu kutoka Ujerumani, Heinrich Schmutterer, aliona miti mingine imeliwa, na mwarobaini umesimama na majani yake. Mwaka 1968 wataalamu wa Uingereza waliitenga dawa iliyomo ndani yake, iitwayo azadiraktini, na mwaka 1986 watu wa mataifa mengi walikutana Nairobi kuuzungumza mti huu. Bibi zetu waliochanganya majani yake na nafaka ghalani hawakungoja mkutano.

Nguvu yake kubwa imo katika mbegu. Twaziosha, twazikausha kivulini zisiote ukungu, kisha twazitwanga. Gramu 50 za unga huo hulowekwa katika lita 1 ya maji usiku kucha, huchujwa kwa kitambaa, na sabuni kidogo hutiwa ili dawa ishike. Twanyunyiza jioni, maana jua huiharibu, tena chini ya jani, huko aliko adui. Anyunyizaye juu tu amemwagilia. Hurudiwa kila juma. Yafaa kujaribu kwanza miche michache, majani yasije yakaungua.

Lakini mwarobaini hauui papo hapo. Humzuia mdudu kula, humzuia kujivua ngozi na kukua. Mjane mmoja, jirani yetu, alitujia siku ya pili akasema, "Mwalimu, dawa yako wadudu wanaioga!" Tulimwelewa, kwani siku ya soko haingoji. Tulimsihi akate majani yaliyojikunja, ayafukie, na anyunyize tena. Baada ya majuma mawili machipukizi yalitoka safi, ila matuta mawili hayakupona, akayang'oa. Hasara hiyo hatutaki kuificha.

Wala dawa haiwi salama kwa kuwa ni ya mti. Utupa, ambao wavuvi waliutumia kulevya samaki, huua vidukari pia, lakini maji yake yakifika mtoni huua samaki. Tumbaku ni sumu kali hata kwa mtu, nasi hatuitii kamwe katika mboga za majani. Na mboga ya mwarobaini nayo huoshwa vema kabla ya kupikwa.

Yuko pia mdudu wa mviringo, mgongo mwekundu wenye madoa meusi. Watoto wasimuue, maana yeye na wanawe hula vidukari mchana kutwa. Kwa ajili yake sisi huacha mstari mmoja wa kunde ukingoni mwa shamba bila kunyunyiza.