Gari la Ardhi Nyeusi

Mtu asafiriye kwa barabara kutoka Mpanda kwenda kusini hufika Sitalike, penye Mto Katuma, na hapo ndipo mlango wa Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974. Akiiacha barabara kuu kuelekea nyanda za Katavi na Chada, hukutana na ardhi nyeusi ambayo kiangazi hupasuka nyufa, na masika huteleza na kunata kwa wakati mmoja. Viboko huifurahia, madereva huiogopa.

Gari lililoizoea ardhi hiyo ni Toyota Land Cruiser ya jamii ya 70, iliyotolewa kwanza mwaka 1984. Umbo lake halina urembo: ubavu ulionyooka kama sanduku, vioo bapa, na chasisi ya vyuma viwili virefu vilivyounganishwa kama ngazi. Bati likibonyea, nyundo hulirudisha. Injini yake mashuhuri, 1HZ, ilitokea mwaka 1990. Ni ya dizeli, silinda sita katika safu moja, ujazo wa lita 4.2, haina tabo ya kushindilia hewa wala kompyuta ya kuamuru mafuta. Nguvu yake ni ya farasi 130 hivi tu, haba kwa gari la tani mbili na zaidi. Lakini huvuta ingali ikizunguka polepole, nalo tope halitaki mbio.

Land Cruiser ya jamii ya 300, iliyotolewa mwaka 2021, ni kiumbe kingine. Injini yake ya dizeli ina lita 3.3, tabo mbili, na nguvu ya farasi zaidi ya 300. Kwa elimu ya uhandisi, ya kale haiwezi kushindana nayo; tena ya kale hunguruma, hutoa moshi, na mkanda wake wa taimingi ukisahauliwa huweza kukatika na kuiharibu injini. Sifa zisifiche aibu.

Hata hivyo, itazamwe kazi ya fundi wa Mpanda chini ya mwembe. Injini ya kale ikikohoa, hulegeza nati za mirija ya nozeli moja moja, huku akisikiliza. Mrija ambao kulegezwa kwake hakubadili mlio ndio wa silinda yenye ugonjwa. Uchunguzi umekwisha, na vyombo vyake ni spana na sikio. Katika injini mpya mafuta husukumwa kwa shinikizo liwezalo kutoboa ngozi. Kulegeza nati ni hatari, na ugonjwa husomwa kwa kompyuta.

Jambo hili si la watalii pekee. Gari la wagonjwa aghalabu ni Land Cruiser vilevile, na mama mwenye uchungu wa uzazi, atokaye kijiji cha mbali usiku wa masika, hana haja ya farasi 300. Ana haja ya gari ambalo likizimika njiani litawashwa tena. Mwaka 2023 jamii ya 70 yenyewe ilianza kupewa, kwa masoko kadhaa, injini ya lita 2.8 yenye tabo na kompyuta. Itakapoletwa chini ya mwembe ule, fundi ataiweka spana chini na kuuliza kompyuta ya kuisoma iko wapi. Na gari litakuwa limesimama, milango wazi.